Kubana si kuchuja: namna ya kukusanya albamu za Pink Floyd bila kupoteza sauti

Wenzangu wawili wa mwaka wa tatu waliniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, kwa nini mtu anayesoma lugha za Kiafrika anaijaza diski ya kompyuta yake muziki wa Waingereza wa miaka ya 1970, tena kwa mafaili makubwa kiasi kile, ilhali wimbo wa MP3 unaingia kwenye simu bila taabu. Siku ile niliwajibu kwa kifupi. Hapa nataka kuwajibu kwa urefu, kwa sababu njiani nilifanya kosa lililonigharimu albamu tisa, na ni kosa ambalo mwanafunzi yeyote anayekusanya sauti, iwe ya gitaa au ya mzee anayesimulia hadithi, anaweza kulifanya kesho.

Kundi lenyewe ni Pink Floyd. Lilitoa albamu 15 za studio, kuanzia The Piper at the Gates of Dawn ya mwaka 1967 hadi The Endless River ya mwaka 2014. Mimi nililijua kwa mjomba wangu, aliyerudi Lubumbashi kutoka masomoni Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa na sanduku la CD. Za kundi hilo alikuwa nazo tisa. Jumapili mchana, umeme ukiwapo, aliweka The Dark Side of the Moon, na hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza mpaka yale mapigo ya moyo ya mwisho yamalizike. Sikuelewa neno hata moja. Nilichokipenda ni saa: mwanzoni mwa wimbo wa Time saa nyingi hulia kwa pamoja, na mdogo wangu alikuwa akiziba masikio kabla hazijaanza, maana alikwisha kujua zinapokuja. Saa hizo zilirekodiwa na fundi mitambo Alan Parsons katika duka la vitu vya kale, moja moja, kisha zikaunganishwa studioni Abbey Road, London.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya maneno. Wahadhiri wetu, kwa Kifaransa, husema ubanaji sans perte na ubanaji avec perte. Mtaani kwetu, kijana anayetia nyimbo kwenye flashi husema tu "kupunguza", na hilo neno moja linafunika mambo mawili yasiyofanana kabisa. Mimi nimeanza kusema kubana na kuchuja. Ukibana nguo ndani ya begi zinachukua nafasi ndogo, na ukifungua begi zote zimo, ingawa zimekunjamana. Ukichuja unga, kilichobaki juu ya chekeche kimetupwa, na hata uutie unga huo katika gunia kubwa namna gani, makapi hayarudi. FLAC inabana. MP3 inachuja. Mengine yote katika makala haya yanatoka hapo.

Tuanze na CD. Sauti ndani yake imepimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, na njia ni mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisha, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. The Dark Side of the Moon ina dakika 43 hivi, kwa hiyo ikinakiliwa kwenye faili la WAV, ambalo haliibani wala haliichuji, inakula karibu megabaiti 455. Kwa mtu anayenunua mega kwa siku, hicho ni kiasi cha kutisha.

MP3 ilitatua tatizo hilo kwa ujanja unaostahili heshima. Watu wa Taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, walijenga juu ya jambo ambalo wanafonetiki wanalijua: sikio halisikii kila kitu. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kwa masafa au kwa wakati. Basi programu huuliza, katika kila kipande kidogo cha muziki, ni nini ambacho msikilizaji hatakikosa, na hapo hutumia biti chache au hukiacha kabisa. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, faili ni dogo kuliko la CD mara kumi na moja. Kwa kilobiti 320 ni dogo mara nne na zaidi kidogo. Nikiri mapema: kwa 320, nikifungwa macho na kuchezewa nakala zote mbili, siwezi kuzitofautisha, na sijaona mwenzangu aliyeweza. Anayesema FLAC inamfanya asikie malaika, mwacheni.

FLAC ilitoka mwaka 2001, kazi ya Josh Coalson, na tangu mwanzo ni programu huru ambayo hailipiwi. Inafanya kazi namna gani? Hapa wanafunzi wa isimu tuna bahati, kwa sababu hesabu yake tunaitumia bila kujua. Chukua vipimo vya sauti vinavyofuatana: 100, 104, 108. Ukiulizwa kinachofuata, utasema 112. Kikiwa kweli ni 113, huhitaji kuandika 113. Andika 1 tu, yaani tofauti kati ya utabiri na ukweli. Namba ndogo huchukua biti chache. Atakayefungua faili atatabiri kama ulivyotabiri wewe, ataongeza ile 1, na atapata 113 kamili. Hakuna kilichotupwa. Utabiri huo unaotegemea vipimo vilivyotangulia ni ndugu wa ule ambao Praat inautumia kutafuta fomanti za irabu. Anayechora irabu za Kisanga au za Kibemba kwenye Praat na anayebana gitaa la David Gilmour kwa FLAC wanapita njia moja. Faili linalotoka kwa kawaida huwa kati ya nusu na thuluthi mbili ya WAV. Albamu zote 15 zinaingia ndani ya gigabaiti tano hivi, nafasi ambayo filamu mbili tatu za siku hizi zinaimaliza.

Kuna jaribio ambalo nimewaonyesha wenzangu, na ambalo kila mtu anaweza kulifanya kwa programu ya Audacity. Weka WAV ya asili juu, weka FLAC yake chini, geuza mawimbi ya moja juu chini, kisha zichanganye. Kama zinalingana zitafutana. Kwa FLAC unapata kimya, kimya cha kweli, mstari ulionyooka. Kwa MP3, baada ya kulinganisha mianzo yao, unabaki na kitu kama mzimu wa wimbo: matoazi yanayochakarisha, pumzi, ncha za maneno bila maneno yenyewe. Hicho ndicho kilichotupwa. Mara ya kwanza kukisikia nilirudia mara tatu.

Kwa Pink Floyd kuna sababu nyingine, ndogo lakini inayoudhi. Nyimbo zao hazikatiki. Katika The Dark Side of the Moon wimbo mmoja unamiminikia ndani ya mwingine. Katika Wish You Were Here ya mwaka 1975, mwisho wa Have a Cigar sauti yote inanywea ghafla kana kwamba imeingia ndani ya redio ndogo, redio inatafutiwa stesheni, na kutoka humo gitaa la wimbo unaofuata linaanza. The Wall ya mwaka 1979 inakwenda mbali zaidi: albamu inakwisha katikati ya sentensi, na nusu nyingine ya sentensi hiyo iko mwanzoni kabisa mwa albamu. Mwanasintaksia asipotabasamu hapo, sijui atatabasamu wapi. Sasa, MP3 huandika sauti kwa vipande vya sampuli 1,152, karibu sehemu 26 za elfu za sekunde kila kimoja, na wimbo usipogawanyika sawasawa hujaziwa kimya mwishoni. Mwanzoni nako huongezwa kimya kidogo. Programu nyingine huandika pembeni ni kiasi gani kimeongezwa ili kicheza muziki kikiruke, lakini vicheza vingi vya simu zetu havisomi. Matokeo yake ni kikwazo kidogo kati ya nyimbo, kama mguu unaojikwaa kwenye kizingiti cha mlango. FLAC huhifadhi idadi kamili ya sampuli, na tatizo halipo.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimenakili CD tisa za mjomba kwa FLAC, polepole, mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni. Kompyuta yangu ina diski ndogo. Siku moja rafiki aliniletea mkusanyo kamili wa albamu zote 15, uliozunguka kutoka diski hadi diski, na kila faili limeandikwa FLAC, biti 24, kHz 96. Hakuna aliyekuwa amelipia kitu, na hilo pekee lingetosha kunizuia. Lakini niliona namba. 24 ni kubwa kuliko 16, na 96 ni zaidi ya mara mbili ya 44.1. Nikafuta zangu ili nipate nafasi. Miezi michache baadaye mjomba alihamia Kolwezi, na CD zikaondoka naye, nyingine zikiwa zimeazimwa kwa watu ambao yeye mwenyewe hawakumbuki wote.

Niligundua kwa ajali. Nilikuwa nafanya zoezi la konsonanti za mkwaruzo kwenye Praat, na kwa uchovu nikafungua Time badala ya rekodi ya darasani. Spektrogramu ilionekana nzuri, imejaa kutoka chini hadi juu. Ila Praat, msipoigusa, huonyesha hadi Hz 5,000 tu. Nilipopandisha mpaka 22,000 niliona ukuta: hadi kHz 16 kuna sauti, na juu yake ni weupe mtupu, uliokatwa kwa mstari kama wa rula, kutoka sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, hata saa zinapolia. Matoazi na kengele hayafi hivyo. Huo ni mkato wa MP3 ya kilobiti 128 au ya karibu na hapo. Mtu alichukua MP3, akaigeuza FLAC, akaipandisha hadi 96, na kuisambaza. Nilifungua nyingine, na nyingine. Katika 15, kumi na mbili zilikuwa na ukuta.

Tahadhari kidogo kwa atakayejaribu: si kila weupe wa juu ni uongo. Rekodi ya mwaka 1967 inaweza kuwa na kitu kidogo sana juu ya kHz 16, kwa sababu ya maikrofoni na tepu za wakati ule. Lakini hapo utaona mteremko unaofifia, unaopanda na kushuka pamoja na muziki. Tafuta mstari ulionyooka. Na MP3 ya 320 hukatwa juu zaidi, karibu na kHz 20, kwa hiyo hiyo hukamatwa kwa shida.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mafaili yale hayakuwa mabovu. Kila FLAC hubeba ndani yake alama ya MD5, hesabu iliyofanywa juu ya sauti ilipokuwa inabanwa. Ukiagiza programu ilipime faili, hulifungua, hupiga hesabu upya, na hulinganisha. Yote yalifaulu. Alama ile inathibitisha kwamba sauti iliyomo ni ileile aliyopewa mbanaji. Haisemi chochote juu ya alichopewa. Ni kama muhuri kwenye bahasha: unakuambia bahasha haikufunguliwa njiani, na barua ya uongo itasafiri salama ndani yake.

Na zile biti 24 na kHz 96? Katika fonetiki tumefundishwa kwamba kupima mara 44,100 kwa sekunde kunatosha kushika masafa hadi Hz 22,050, na sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20,000. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kimya na kelele kubwa kabisa, na mvumo wa tepu ya mwaka 1973 uko juu ya kimya hicho. Namba kubwa zina kazi yake wakati wa kurekodi. Chama cha kimataifa cha maktaba za sauti, IASA, kinapendekeza angalau kHz 48 na biti 24 kwa kuhifadhi sauti za zamani, na anayekwenda kijijini na kinasa sauti afuate hilo, ili awe na nafasi ya kukosea kiwango cha sauti. Kwa kusikiliza, hazikuongezei sikio la tatu.

Baada ya hapo nilianza kuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kwanza: nakala hii imezaliwa na nani? Wanaosoma tenzi za zamani za Pwani wanajua kwamba miswada ya utenzi mmoja hutofautiana kwa idadi ya beti na kwa maneno, na kwamba kazi ya kwanza ni kuipanga miswada kwa ukoo. Albamu ni hivyohivyo. The Dark Side of the Moon ilitoka mwaka 1973 kwa santuri. Ilitolewa kwa CD katika miaka ya 1980. CD ya mwaka 1994 ilitayarishwa upya na Doug Sax, na ya mwaka 2011 na James Guthrie. Utepe uliochanganywa ni mmoja, lakini uzito wa besi, ukali wa juu na kiwango cha sauti si vile vile. Kwingine si utayarishaji tu uliobadilika. The Piper at the Gates of Dawn ina mchanganyo wa mono na wa stirio, kazi mbili zilizofanywa kando, na anayejua mmoja atashtuka mahali fulani katika mwingine. Animals ya mwaka 1977 ilichanganywa upya kabisa, ikatoka hivyo mwaka 2022. A Momentary Lapse of Reason ya mwaka 1987 iliguswa zaidi: katika toleo lake jipya Nick Mason alipiga ngoma upya, na sehemu za kinanda za Richard Wright, aliyekuwa amekwisha kufariki mwaka 2008, zikaingizwa kutoka rekodi nyingine. Yote hayo yanaweza kuwa FLAC safi isiyo na ukuta, na matoleo ya albamu moja yana jina moja. Neno FLAC halikuambii ni ipi.

Kwa hiyo folda zangu siku hizi zina miaka miwili: mwaka wa albamu na mwaka wa toleo. "1973, The Dark Side of the Moon, CD 1994." Sijali kama inaonekana kama uchoyo wa mhasibu. (Kwetu hapa swali hilo linatuhusu hata zaidi. Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitaa lake linazunguka katika simu za mji huu kwa MP3 zilizochujwa mara tatu nne, bila mwaka, bila mahali, mara nyingine bila jina.)

Hapo ndipo ninapowajibu wale wenzangu wawili. Sihifadhi kwa FLAC kwa sababu sikio langu ni kali. Nahifadhi kwa sababu nakala yangu itazaa nyingine. Kutoka FLAC naweza kutoa MP3 ya simu leo, na kesho kitu kingine ambacho bado hakijavumbuliwa, kila mara nikianzia kwenye asili. Kutoka MP3, kila kizazi kinachuja kilichokwisha kuchujwa. Tuma wimbo kwa WhatsApp, aupokee mtu, auweke kwenye video, mwingine autoe humo, na usikilize ule uliorudi.

Kunakili CD vizuri nako kuna adabu yake. CD ya muziki haina ulinzi wa ziada wa makosa ambao CD ya data inao. Kisomaji kikikuta mkwaruzo mkubwa kinakisia: kinatazama kipimo cha kabla na cha baada, na kuweka katikati namba ya kubuni, bila kukuambia. Ndiyo maana siitumii programu ya kawaida ya kusikilizia muziki. Kwenye Windows kuna Exact Audio Copy ya Andre Wiethoff, kwenye Linux cdparanoia. Hizi husoma mahali penye shaka mara nyingi na kulinganisha majibu. Exact Audio Copy, ikiwa na intaneti, huweza pia kulinganisha hesabu ya kila wimbo na za watu wengine duniani walionakili CD ileile: zikilingana, haiwezekani kwamba wote tuna mkwaruzo mmoja. Mwishoni huandika ripoti, nayo huihifadhi pamoja na mafaili, kama tunavyohifadhi daftari la uwandani pamoja na rekodi. Asiye na CD anaweza kununua FLAC, kwa mfano Qobuz ya Ufaransa, ila kadi ya kulipia kwa wengi wetu ni mlima mwingine.

Wakati wa likizo nilipanda basi kwenda Kolwezi na kisomaji cha CD ndani ya begi. Katika tisa, sita zilipatikana. Mjomba alikaa karibu nami nilipokuwa nachunguza spektrogramu, akatazama kioo muda mrefu, kisha akasema: "Weye uko unasikiliza na macho sasa?" Sikuwa na jibu zuri. Tano zilinakilika bila kosa lolote. Ya sita, Animals, ilikwama kwenye Dogs, wimbo wa dakika 17, karibu na dakika ya kumi na moja. Niliisafisha kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, nikairudia mara tatu, na ripoti ikasema vilevile kila mara. Nilipomwambia, mjomba alicheka. Alisema mkwaruzo ule ni wa mwaka aliorudi, kwamba wimbo umekuwa ukiruka pale miaka yote hiyo, na kwamba yeye akiusikia bila kuruka atadhani ni watu wengine wanaopiga. Nimeliacha faili jinsi lilivyo, na katika maelezo yake nimeandika dakika, sekunde, na chanzo cha kosa. Nakala nzima ya wimbo huo bado naitafuta.